Kibanio Kwenye Kola ya Chiriku

Watu wa uani wamenikalia kooni. Kila wakipita mlangoni ni lile lile: "Bibi, andika habari za Mama Povu, wazazi wapya na majirani zao wasome." Mimi kalamu naishika kama mtu aliyeokota jongoo, herufi zangu kila moja inatazama njia yake, na wao wenye madarasa yao wamekaa kitako wanakunywa chai. Haya, naandika. Lakini naandika nitakavyo mimi, na atakayetaka kunisahihisha akanunue karatasi yake.

Mama Povu ni dobi. Jina hilo alipewa na wapangaji wenzake, maana mikono yake haijawahi kuonekana mikavu. Akikusalimia, unabaki na povu kiganjani. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara, na nguo za watu wasiopenda kuinama. Kamba zake zimezunguka ua mzima, kutoka mlango wa bafu mpaka dirishani kwa fundi viatu, na mgeni akiingia ni lazima apige mbizi chini ya mashuka ya watu ndipo aione nyumba. Aproni yake ina mfuko mbele, mfuko umejaa vibanio, na akitembea vinagongana kama meno ya mtu mwenye baridi.

Ana mtoto mmoja tu, wa kike. Mumewe alifariki mtoto akiwa bado wa mgongoni. Mtoto huyo tunamwita Chiriku, kwa sababu akiamka ndiyo ameamka. Mdomo haufungi mpaka usingizi umshike shati. Alipokaribia umri wa kuanza shule akaanza kunywa maji kama aliyelamba chumvi, akakonda, akawa anakojoa kitandani, na siku moja akalegea kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Hospitali wakasema kisukari. Watu uani wakaguna: kisukari si cha wazee wenye vitambi? Kumbe kipo na cha watoto, hakiletwi na pipi, na mwenyewe atachomwa sindano kila siku iendayo kwa Mungu.

Mama Povu hakulia mbele ya mtu. Akajifunza sindano, akajifunza kumtoboa mtoto kidole na kukisoma kile kipimo kidogo, akaendelea kufua. Wanawake walipokwenda kumpa pole, aliwakaribisha, akawasikiliza, kisha akasema, "Ahsanteni. Sisi hatujambo." Mlango ukafungwa taratibu. Ndivyo alivyo. Kwake yeye, kumuomba mtu chumvi ni sawa na kuvuliwa nguo barabarani.

Lakini dobi hafulii kitandani. Ilimbidi apeleke mashuka, akayachukue mengine, na shuleni mtoto alikuwa anatoka mapema. Ilibidi aombe. Sasa sikia alivyoomba, maana kosa lote lilianzia hapo. Hakutusimamisha pamoja akatuambia. Alikwenda mlango hadi mlango, mmoja mmoja, akanong'ona.

Kwa fundi viatu, mzee tunayemwita Fundi Soli, aliinama akajifanya anatazama kiatu. "Mzee wangu, ukimwona anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanampotea, na bado anameza vizuri, mpe maji ya sukari, kisha kipande cha mkate. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, kimbia naye hospitali. Na tafadhali, neno hili libaki hapa, mimi na wewe."

"Limeshakufa," akasema Fundi Soli, na misumari mdomoni.

Kwa Mama Duka, mwenye kiduka pale langoni, akasema vile vile. Kwa mshona mapazia, vile vile. Kwa kila mlango ulio na mtu mchana, vile vile, na kila mmoja akajiona ndiye aliyechaguliwa peke yake. Ua ule haujapata kutunza siri hata ya mtu kuunguza kitumbua. Hiyo moja, ya Mama Povu, ikatunzwa!

Chiriku ndiye aliyekuwa wa kwanza kuielewa hali. Siku moja alitetemeka kweli mbele ya Mama Duka, akapewa maji ya sukari, akapewa na biskuti juu, akapakatwa, akaitwa malaika. Mtoto akaona kumbe kutetemeka kuna faida. Kesho yake akaenda kwa mshona mapazia, akalegeza magoti kidogo, akageuza macho. Juisi hiyo! Akavuka kwa Fundi Soli, "Babu, mikono yangu inacheza yenyewe." Chai ya sukari na mkate. Kila mtu jioni alilala akijisifu moyoni kwamba leo ameokoa roho.

Kipimo kikaanza kupanda. Mama Povu akitoboa kidole jioni, namba ziko juu darini. Akapunguza chakula, haikusaidia. Akakagua sahani, akanusa vikombe. Kliniki, nesi akamuuliza, "Mama, kuna kitu anakula nje ya chakula chako?" Akajibu kwa kichwa juu, "Mtoto wangu hali kwa watu." Nesi angefanya nini? Akaongeza dawa kwenye sindano.

Siku chache baadaye, akifua gauni la shule, Mama Povu akaingiza mkono mfukoni akatoa rojorojo la biskuti, kizibo cha soda na pipi iliyogandana na leso. Akamwita mwenyewe. Chiriku, ambaye hajui kusema jambo moja akaacha la pili, akayamwaga yote: shangazi wa duka, babu wa viatu, na yule anayeshona mapazia ndiye mwenye juisi tamu kuliko wote.

Aisee. Mama Povu alisimama juu ya jiwe la kufulia, povu mpaka kwenye viwiko.

"Nyinyi mnaniulia mtoto!"

"Dada, si wewe uliyesema nimpe?" Mama Duka akamaka.

"Nilikwambia wewe!"

"Na mimi uliniambia," akasema mshona mapazia.

"Hata mimi," akasema Fundi Soli, akaitema misumari. "Tena ukanifunga mdomo."

Wakatazamana. Mtu mwingine hapo angecheka, mambo yakaisha. Yeye aliona aibu, na aibu yake hutoka ikiwa imevaa hasira. "Basi kuanzia leo, atakayempa mtoto wangu hata punje ya sukari, mimi na yeye hatujuani." Akamshika mtoto mkono, akaingia ndani. Watu wakaumia. Mama Duka alilia waziwazi, akajipangusa kwa pazia la mteja wa mshona mapazia.

Kliniki hakurudi kueleza. Angeanzia wapi, na alishasema mtoto hali kwa watu? Kwa hiyo biskuti zilikatika, lakini ile dawa ya kuongezwa ikabaki pale pale. Hapo ndipo hatari ilipokaa ikisubiri.

Haikusubiri sana. Nyumba ya wageni ilipata msafara, ikataka mashuka upesi. Mama Povu akamchoma mtoto sindano, akampa mkate na yai, akamwambia, "Maliza vyote. Nakwenda na kurudi." Akatia kufuli kwa nje, akajitwika karai. Chiriku akala yai, mkate akauficha nyuma ya mtungi. Kisha akapanda kwenye kigoda, akashika nondo za dirisha, akaanza kumpigia soga Fundi Soli aliyekaa chini ya dirisha hilo na kazi yake.

"Babu, natetemeka."

"Leo hunipati, we mjanja. Mama yako ameapa."

"Kweli babu, natetemeka."

"Na mimi natetemeka. Nipe juisi."

Akaendelea kugonga soli. Mtoto akanyamaza. Akagonga tena, kisha nyundo ikamsimamia hewani, maana Chiriku kunyamaza mchana hakujawahi kutokea. "Chiriku?" akaita. Mtoto akajibu kwa sauti nzito, kama ya mlevi, "Hivyo viatu vyako vinanicheka. Viambie viache." Fundi Soli akainua macho. Vidole vilivyoshika nondo vilikuwa vinang'aa kwa jasho. Kutetemeka mtoto alijua kuigiza. Jasho lile hakuwa na pa kulitoa.

Mzee aliinuka, viatu vya watu vikasambaa. "Mama Duka! Sukari!"

"Mama yake amekataza, mzee, mimi sitaki..."

"Atagombana na mimi. Lete sukari, mwanamke!"

Akalipiga kufuli kwa nyundo ya soli. Nyundo ile ni ya kupigia ngozi, si ya kuvunjia chuma; akapiga mpaka mpini ukapasuka, na komeo likang'oka na misumari yake pamoja na kipande cha mlango. Mtoto alikuwa ameteleza kutoka kwenye kigoda, ameegemea ukuta. "Meza mate nione," akamwambia. Akameza. Ndipo wakamnywesha maji ya sukari, taratibu, Mama Duka ameshika kikombe.

Mama Povu alirudi na karai tupu kichwani. Akaona kufuli chini, mlango umeng'oka, watu wamejaa chumbani mwake.

"Nani amevunja mlango wangu?"

"Ni mimi," akasema Fundi Soli, bado amekaa sakafuni na mpini uliopasuka. "Nigombeze. Lakini mpime kwanza."

Akapima. Akangoja kidogo, akapima tena. Namba bado ilikuwa chini, ingawa ilikuwa inapanda. Akaikodolea. Chiriku akafumbua macho akasema, "Mama, mkate uko nyuma ya mtungi." Wakati huo mshona mapazia, aliyekuwa amesikia kelele tu, akaingia mbio na glasi ya juisi imejaa pomoni, mtoto akainyoshea mkono.

Mama Povu akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa kibanio, akakibana kwenye kola ya gauni la mtoto.

"Huyu ameshapewa, sasa ni mkate tu," akasema. "Atakayemsaidia, ambane kibanio, kisha anitafute popote nilipo. Atakayekiona kibanio, mikono nyuma."

Halafu akasimama. Tuliona jinsi shingo yake ilivyokuwa inakataa kuinama. Akasema mbele yetu sote, kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona: "Nawaomba. Peke yangu siwezi."

Mama Duka alimpokea karai.

Siku ile ile wakaenda kliniki, yeye, mtoto, Fundi Soli na Mama Duka, wakaeleza kila kitu na biskuti zake. Nesi akasikiliza, akatikisa kichwa, akapunguza dawa. Habari ya kibanio ikasambaa. Akaja mama mwenye mtoto wa kifafa, anayeishi nyuma ya soko, kuuliza. Akaja baba mmoja ambaye mwanawe mifupa humuuma mpaka anapiga mayowe, maana ana selimundu. Siku hizi wanakaa kwenye lile jiwe la kufulia na majirani zao pamoja nao, kila mzazi anasimama anaeleza la mtoto wake mbele ya wote. Kunong'ona hapo ni marufuku. Mwenye aibu hupewa shuka akunje huku akiongea; husaidia.

Chiriku? Alijaribu kukivua kibanio akakificha, akaenda kulegeza magoti kwa Mama Duka. Mama Duka akaiangalia kola: "Na haya makunyanzi mawili, mwanangu, yamefanywa na panya?" Ule mlango ulipigwa misumari upya. Kufuli halikununuliwa jingine.

Nimemaliza, na vidole vinaniuma. Sasa zamu yako. Inuka hapo ulipokaa, nenda kwa jirani yako mwenye mtoto anayeugua. Usimwambie pole, pole anazo za kujaza kabati. Muulize: "Akizidiwa mimi nikiwepo, nifanye nini?" Akikwambia hawajambo, usiondoke, keti uulize tena. Kisha uje hapa uniambie amekujibu nini. Na uje na vibanio, vya Mama Povu vinakwisha.