Mama Nyasi na Mechi ya Jumamosi

Saa moja asubuhi, mtunza uwanja wa taifa anavua viatu na kuanza kutembea peku kutoka goli hadi goli. Macho yanadanganya, anasema, ila unyayo unajua shimo liko wapi. Wachezaji humwita Mama Nyasi.

Jumamosi timu ya taifa inacheza mechi ya mwisho ya kufuzu mashindano ya kanda. Kundi lina timu nne, na mbili za juu zinapita. Yetu ni ya pili, pointi moja tu mbele ya wageni wanaokuja, kwa hiyo hata sare inatosha. Lakini leo anakuja mkaguzi wa mashindano. Akiukataa uwanja, mechi inahamishiwa nchi nyingine.

Mama Nyasi anaujua uchungu huo. Mara iliyopita kocha alimwomba timu ifanye mazoezi hapa, siku moja tu, nayo ilikuwa siku ya mvua. Akamwonea huruma. Vijana wakalichimbua goli la kusini likawa kama shamba la viazi. Mkaguzi akakataa, timu ikaenda kucheza mechi ya nyumbani ugenini, ikafungwa moja bila. Haikufuzu.

"Niliona aibu hata kwenda sokoni," anasema. "Baba watoto akawa ananiita mfungaji bora wa wageni."

Safari hii amepiga kufuli. Juzi kocha alirudi kubembeleza.

"Mama, nusu saa tu, vijana wazoee."

"Mwanangu, kawazoeshe kule uwanja wa shule. Hapa mtakanyaga Jumamosi."

"Hata kutembea tu?"

"Tembeeni barabarani, ni bure."

Kocha aliondoka akicheka, ingawa kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Saa nne mkaguzi anafika, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Anadundisha mpira, anaubiringisha, kisha anachuchumaa kwenye goli la kusini na kuzivuta nyasi kwa vidole. Hazing'oki. Mama Nyasi ameuma mdomo.

"Mtacheza hapa," mkaguzi anasema.

Mama Nyasi anakaa chini palepale kwa furaha.

Je, timu ikifuzu atasafiri nayo? "Nani atamlipia nauli mkata nyasi? Waende wao. Mimi ninachotaka ni Jumamosi, filimbi ikilia tumefuzu, watu waingie wote uwanjani, waruke, wagaegae. Nyasi nitapanda nyingine."