Mahindi Yakifika Magotini

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, Baba Mdogo, ndugu wa baba yangu aliyekuwa na karakana hii, alizima stima ya karakana nzima mimi nikiwa katikati ya kuchomelea. Haiya! Niliruka kwa hasira, miwani ya kazi ingali usoni.

Ndiyo hii hii unayoiendesha leo hapa Nakuru. Tulikuwa tumeshapanga: kuanzia mvua hadi mavuno tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi, basi. Vyuma vimenunuliwa, mafundi wameajiriwa. Wa mwisho kuajiriwa alikuwa rafiki yangu Wekesa, na mke wake alikuwa karibu kujifungua. Mashine zikikosa wanunuzi, yeye ndiye angerudishwa nyumbani kwanza.

Lakini Baba Mdogo alikuwa na desturi yake. Mahindi yakifika magotini, kazi inasimama, anapanda hadi vijiji vya Bahati kutembea mashambani. Mimi niliona ni uvivu wa wazee tu.

"Baba, si tulishapanga?"

"Mlipanga na nani? Mahindi mliyauliza?"

Nikaenda nimenuna, ujana nao, wacha tu. Huko Bahati tukamkuta mama mmoja anang'oa mahindi mabichi na kuyatupa kando ya shamba, majani yote manjano.

"Mzee, ugonjwa umetumaliza," akasema. "Huku sisi wote tunang'oa, tunapanda waru."

Waru! Nani anapukuchua viazi? Niliingiwa na hofu, na bado nikabisha. Nikasema vyuma tumeanza kukata, tumalize tu, watanunua mwaka ujao. Baba Mdogo akanigeukia, wala hakupaza sauti.

"Vyuma vitangoja mwaka ujao. Mtoto wa Wekesa atangoja?"

Nikawa wa kwanza kushika njia ya kurudi. Tuliporudi tukaanza kugeuza vile vyuma kuwa mashine za kung'oa viazi, na Krismasi ilimkuta Wekesa yuko kazini, picha ya mtoto mfukoni, ananichokoza kwa kuniita Bwana Mpango.

Sasa wewe una kompyuta, na mpango wako una rangi nyingi kuliko duka la rangi. Siudharau. Lakini mvua ya mwaka huu imeninyima raha kabisa: imekuja, ikakatika, ikarudi. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kuangalia mawingu. Nikikuuliza kama umefika Bahati, unaniambia, "Babu, niko bize." Bize na nini, kama hujui watu wamepanda nini?

Mjukuu wangu, mpango hupangwa mwanzoni na hukaguliwa katikati, kungali na nafasi ya kugeuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda ukaone kwa macho yako kabla hujakata chuma kingine, na ukikuta mambo yamebadilika, usione haya kubadilika nayo. Mungu akupe macho ya kuona mapema na moyo wa kukubali ulichokiona, na wote wanaokula kwa jasho la karakana hii wasilale njaa mikononi mwako.

Haya, vaa gambuti zako za matopeni. Mahindi yamefika magotini, na stima nimeshaizima.