Maji ya Chumvi na Sukari

Juzi binti yangu alinionyesha picha ya seli katika kitabu chake cha Biolojia, na vijilango katika utando unaoizunguka. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Ruiru, ndugu yangu mchanga Kamau alipokuwa akihara tangu asubuhi. Chumba kilinuka sabuni ya kipande na maziwa yaliyochacha. Macho yake yalikuwa yamezama, na hakuwa amekojoa hata mara moja.

Mama alitia chumvi na sukari katika maji yaliyochemshwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Nilidhani anamwadhibu kwa kuchafua nguo.

"Mama, mpe maji tu. Hajakosea."

"Maji matupu hayamtoshi, Wanjiku. Shika kikombe."

Sikujua kwamba chumvi na sukari huingia pamoja kwenye seli za utumbo kupitia vijilango kama vile vya kitabuni, na maji huzifuata. Nadhani Mama pia hakujua. Alifanya alivyoelekezwa kliniki.

Jua lilipokaribia kuzama, Kamau alikojoa, akamlowesha Mama gauni lote. Nilingoja amkaripie. Mama hakuinuka. Alimkumbatia akiwa amelowa vile vile, akalia kimyakimya.