Nyumba Isiyoitika

Ijumaa hiyo Ernesta Fanueli aliwaaga wenzake wa bwenini Voi, akavuka mpaka Holili kabla jua halijakolea, na kufika Same mchana akiwa na furaha ya mtu anayejua kwamba anangojwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekwenda Kenya kusomea shahada, mwanamke wa makamo asiye na makuu, na safari yenyewe haikuwa na makuu: alikuwa anapanda Bombo, kijijini kwao milimani Upare, kumtembelea rafiki yake Rahabu mwishoni mwa juma. Mkobani alikuwa na doti ya kanga, gauni la Agape, mtoto wa Rahabu, na majani ya chai ambayo Rahabu mwenyewe aliyaagiza kwa simu.

Rahabu alistahili zawadi hizo, au ndivyo Ernesta alivyoamini. Alipopata nafasi ya masomo, jambo moja tu lilitaka kumzuia: mama yake, Bi Victoria, mjane mwenye nyonga mbovu, asingeweza tena kwenda msaragambo, na huko Upare kazi ya pamoja haina udhuru. Ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya mfereji ili yafunguliwe mashambani asubuhi, hujaa tope, na kila nyumba sharti itoe mtu wa kulizoa. Mkuu wa ndiva huita nyumba moja moja. Aliyesimama kwa niaba ya nyumba hujibu, "Tupo!" Mtu mmoja, nyumba moja. Nyumba isiyoitika haifunguliwi maji mzunguko huo, na zamu yake hupewa jirani anayefuata mferejini. Basi Rahabu akasimama mbele ya watu wote akatamka, "Nyumba ya Fanueli niachieni mimi. Yetu ataisimamia mume wangu, Elibariki." Watu wakapiga makofi. Ernesta akalia kwa shukrani, akaenda zake kusoma.

Basi kutoka Same lilimshusha Ndungu, akasimama kando ya mashamba ya mpunga akingoja bodaboda ya kumpandisha mlimani. Hapo ndipo aliposikia sauti ikiwakemea ndege, na kopo likigongwa. Sauti hiyo angeitambua hata usingizini. Akakanyaga matuta hadi kwenye kichuguu ambapo mwanamke mzee alikuwa ameketi, mguu mmoja ameunyoosha kama gogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Victoria akageuka, akashika kifua. "Ernesta! Umefukuzwa chuo?"

"Unafanya nini hapa, mama?"

"Nafukuza ndege. Kwani huwaoni?"

"Mpunga wa nani?"

"Wa watu."

Ilibidi amvute maneno. Shamba lilikuwa limekauka. Nyumba ya Fanueli iliitwa ndivani, kimya. Mzunguko uliofuata ikaitwa tena, kimya. Elibariki alikuwa amekwenda machimboni Mirerani kutafuta mawe, Rahabu akabaki peke yake, akaitikia nyumba yake tu.

"Na zamu yetu alipewa nani?"

Bi Victoria aligonga kopo lake ingawa hapakuwa na ndege. "Unajua mwenyewe anayetufuata mferejini."

Alikuwa Rahabu.

"Na wewe mbona ulinyamaza?"

"Ungeacha shule, mwanangu. Nakujua."

Wako watu wanaodai kwamba mwanamke akitendwa na rafiki hana budi kulia kwanza, kisha amwombee, kisha asamehe, na yote hayo ayamalize kabla ya chakula cha jioni. Ernesta hakulia. Aliikumbuka kila Jumapili Rahabu alipompigia simu: mama hajambo, mama amevuna maharage, mama anakusalimu, wewe soma tu shoga yangu. Kumbe maharage hayo yalikufa yakiwa na maua, na maji yaliyoyanyima uhai yalikuwa yakinywesha tangawizi ya huyo huyo mpiga simu. Kumkosea mtu ni jambo moja. Kumpigia simu kila juma ukipokea shukrani zake kwa kosa hilo ni ufedhuli wa namna yake, na haustahili kuitwa udhaifu.

"Kesho uje nyumbani," alimwambia mama yake. "Nitakutumia bodaboda."

"Usiende kugombana, Ernesta."

"Sigombani na mtu. Naenda kutembea."

Rahabu alimpokea kwa vigelegele. "Karibu, Mkenya wangu! Hebu geuka nikuone. Huko hawali?" Akampakulia makande ya moto, akajifunga kanga mpya papo hapo, akamvisha Agape gauni. Ernesta alitoa zawadi zote na kushukuru kwa chakula. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama sikumkuta. Yuko wapi?"

"Ameshuka Ndungu kusalimia ndugu. Hachelewi kurudi." Jicho la Rahabu halikupepesa. "Halafu shoga, nina ombi. Kesho ni msaragambo wa ndiva, na mimi nina sendi-ofu Maore, nimo kwenye kamati ya chakula. Nisimamie. Nyumba ikikosa mtu tu, tangawizi yangu imekwisha. Ndiyo kwanza inajaza."

Ernesta alimtazama. Hadi dakika hiyo hakuwa amejua atafanya nini. Alikuwa amefikiria matusi, na mashtaka mbele ya wazee, na kulala njaa kwa kususa makande. Sasa mwenzake alikuwa amemwekea kisasi sahanini, kikiwa kimeiva.

"Nenda salama," alisema. "Ndivani nitakuwepo."

Na alikuwepo. Pembe ilipopigwa asubuhi, alishuka na chepe begani, akazoa tope pamoja na wanawake wenzake hadi sketi ikawa nzito. Mzee Zephania, mkuu wa ndiva, alisimama ukingoni akaita nyumba kwa kufuata mfereji, kutoka juu kwenda chini, kwa kichwa tu, bila kukosea.

"Nyumba ya Fanueli!"

Alikwisha kuvuta pumzi ya kuita inayofuata, kwa mazoea.

"Tupo!"

Machepe yalisimama. Mzee Zephania akaguna. "Nyumba ya Fanueli ipo. Nyumba ya Elibariki!"

Kimya.

"Nyumba ya Elibariki!"

"Si mgeni wao huyo hapo?" mtu akasema.

"Ernesta, mwanangu," Mzee Zephania akauliza, "Mama Agape hakukutuma?"

"Alinituma, mzee. Lakini mimi ni mtu mmoja, na nimesimama kwa mama yangu. Mtu mmoja, nyumba moja. Ninyi ndio mlionifundisha."

Honorata, jirani wa ng'ambo ya mfereji, akaangua kicheko hadi akaegemea chepe. "Mama Agape kaazima shahada! Angeazima mtu mwenye kiherehere kama mimi, ningemwitikia hata mara mbili!"

"Nyamazeni," alisema Mzee Zephania, ila naye alikuwa anajizuia asicheke. "Nyumba ya Elibariki haikuitika. Zamu yake itakwenda kwa aliye mbele yake, maana anayemfuata ni korongo." Aliye mbele yake alikuwa Bi Victoria.

Rahabu alipata habari kabla hajashuka kwenye bodaboda. Aliingia uani na vazi la sendi-ofu, viatu mkononi.

"Ernesta, umemwitikia nani?"

"Baba yangu."

"Tangawizi itaoza ardhini! Unajua nilivyoihangaikia? Mume ameniacha, sina hata salamu yake, nina mikono hii miwili!"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Simu ulikuwa nayo."

"Niliona haya."

"Haya ikakufanya uniambie mama amevuna?"

Agape akaanza kulia ndani, Rahabu akaingia kumchukua, na alipotoka Ernesta alikuwa amekwisha kubeba mkoba wake kwenda kwao.

Jumapili, kabla ya ibada, ndiva ilifunguliwa. Ernesta alikuwa amefunga nguo za safari tayari, kwani Voi ilikuwa inamngoja, lakini alitaka kuona. Maji yalikuja yakisukuma majani makavu mbele yake, yakaingia shambani kwa Bi Victoria, na mama huyo, aliyerudi jana yake jioni, akayaongoza kwa jembe huku akichechemea na kuyasemesha kama kuku. Chini ya tuta la mwisho, Rahabu alisimama kwenye tangawizi yake, mtoto mgongoni. Aliyatazama maji tu.

Bi Victoria alimwona. "Mwanangu, nimpunguzie kidogo. Huyu mtoto ana kosa gani?" Akainua jembe alipasue tuta.

Ernesta akaweka mguu wake pale jembe lilipokuwa lianguke.

"Mzunguko ujao, mama."

"Huko ulikokwenda moyo umekuwa mgumu."

"Si huko. Umekuwa mgumu Ndungu."

Bi Victoria aliutazama mguu ule, tope limefika kwenye kifundo. Kisha akageuza jembe, akayarudisha maji kwenye matuta yake, na Ernesta hakuuondoa mguu mpaka shamba lote lilipolowa.