Ufukwe Alioutafuta Clémence

Mama mkwe wangu Clémence ana kasoro moja kubwa: hakuna ufukwe unaomridhisha. Hapa Roche Bois, kisiwani Morisi, kila Januari mtaa wetu hukodi basi, tukapakia masufuria, ngoma na watoto, tukashinda baharini kutwa nzima. Kuchagua ufukwe ni kazi yake. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliitwaa mwenyewe zamani, na sijamwona aliyethubutu kumnyang'anya.

Mwingine angeuliza kama kuna kivuli na choo, yakaisha. Yeye huanza mapema, kiguu na njia, peke yake kwenye mabasi ya abiria, leo kaskazini kesho mashariki. Akirudi huvua viatu mlangoni, akamwaga mchanga ninakofagia, halafu huniketisha jikoni anipe hukumu.

"Blue Bay maji mazuri, ila mchanga wake unakwaruza. Belle Mare upepo unakula uso. Flic en Flac sitaki kusikia, lile ni soko."

"Mama, tunakwenda kula biriani, hatuendi kuposa."

"Wewe unakwenda kula, Danièle. Mimi natafuta kwetu."

Kwao ni Peros Banhos, katika visiwa vya Chagos, safari ya siku kadhaa kwa meli. Alikuwa na miaka sita Waingereza walipowaondoa watu wote, wakawashusha hapa Morisi na magodoro yao, wasirudi tena. Mama mkwe alibaki na picha moja tu kichwani, na ameieleza mara nyingi hata mimi naweza kuichora: maji ya kijani yaliyotulia kama ya beseni, mchanga mwembamba, na nyuma ya nyumba yao mlima mmoja mweusi, mkubwa, umewainamia. Anachotaka kabla ya kufa ni kuketi siku moja mahali panapofanana na hapo, basi. Harudi tena Peros, hilo analijua.

Mwanzoni alinichosha. Baadaye, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Mimi nimezaliwa mjini, nimeolewa mtaa wa pili, sijawahi kulilia mahali. Nikimwona ameshika tama dirishani najua yuko kule, na mimi niko na vitunguu vyangu.

Mwaka jana alirudi jioni moja, hakuvua viatu. Alisimama katikati ya jikoni amekumbatia mkoba wake, midomo inamcheza.

"Nimeuona," alisema. "Le Morne. Danièle, nimeuona! Mpaka mlima!"

Huko Le Morne, kusini magharibi kabisa, basi letu lilikuwa halijawahi kufika. Rajen, dereva, hudai gia zake hazipendi safari ndefu. Nilimkalisha mama, nikampa chai, akalia kama mtoto, na mimi nikalia bila kujua nalilia nini.

Lakini hakutosheka na macho yake. Alitaka ushahidi wa kaka yake, Onésime, aliyetoka Peros akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Mjomba Onésime alibeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukakataa, na katika maisha yake yote hapa hajawahi kwenda nasi ufukweni hata mara moja. Tulimkuta barazani kwake anachambua dengu.

"Kaka, mwaka huu unakuja," mama alimwambia.

"Siji."

"Nimepata ufukwe wa kwetu."

"Kwetu hakuendwi na basi la Rajen."

"Njoo uutazame tu. Ukisema sio, sitakusumbua tena mpaka unizike."

"Nani kakwambia nitakuzika mimi? Mwenye magoti mabovu nani hapa?" Lakini aliweka dengu chini, na siku ilipofika alipanda basi amevaa viatu vya kanisani.

Tulifika watu hawajawa wengi. Wanawake walifunga kamba kutoka mvinje mmoja hadi mwingine ili kivuli kijulikane kina wenyewe. Rajen aliruka chini, akautazama mlima ulivyosimama juu ya vichwa vyetu, akapiga mluzi.

"Mama Clémence, safari hii umechagua na ukuta kabisa!"

"Nenda kaangalie gia zako," mama alimjibu bila kugeuka. Alikuwa ameshamshika kaka yake mkono, anamvuta kwenda majini. Niliwafuata na kiti cha mjomba.

Mjomba hakuketi. Aliyatazama maji kwa muda mrefu.

"Eh? Si ndio?" mama aliuliza.

"Maji yanafanana."

"Na mchanga?"

"Mchanga nao, kidogo."

"Na mlima je?"

"Mlima upi?"

"Huu hapa! Uliokuwa nyuma ya nyumba yetu!"

Mjomba aligeuka, akautazama ule mlima, kisha akamtazama dada yake, na mimi nikatamani nimzibe mdomo.

"Clémence, kwetu hakukuwa na mlima. Hata kilima. Kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa minazi."

Mama alicheka. "Umezeeka, kaka. Umesahau."

"Ulikuja hapa na watoto wa parokia, mwaka uleule tuliofika. Masista waliwaleta. Ulirudi unarukaruka, ukamwambia mama yetu umefika nyumbani, umeona Peros. Mama hakuwa na moyo wa kukukatalia. Na mimi vilevile." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilidhani utakua utajua."

Mama mkwe wangu aliketi mchangani, na gauni lake la sikukuu. Nyuma yetu ngoma ilikuwa imeanza na watu wanamwita aje afungue dansi, maana kila mwaka ndiye anayefungua. Hakuwasikia.

"Basi miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikililia wapi?"

Nilichutama, nikamshika bega, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikumwonea wivu hata chembe.

Mjomba naye alishuka chini, pole pole, goti moja kisha jingine, akavua vile viatu vya kanisani. Walikaa hivyo. Niliwaletea sahani mbili za biriani, zikapoa mbele yao.

"Nyuma ya nyumba kulikuwa na nini?" mama aliuliza hatimaye.

"Minazi. Halafu bahari tena, ile kali ya upande wa pili. Ukisimama mlangoni unazisikia zote mbili."

Mama alifumba macho. Nikaona anajaribu, uso mzima unajaribu.

"Sikumbuki."

"Najua."

"Hata kidogo, kaka. Siuoni hata huo mlango. Ulikuwa wa rangi gani?"

Mjomba alichukua mchanga mkononi, akauacha utiririke.

"Bluu," alisema. "Au kijani. Mama ndiye angejua."

Mama yao alizikwa siku nyingi. Niliona hofu kwenye uso wa yule mzee, hofu ya mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta pametoboka. Nilidhani mama mkwe atalia. Badala yake alimsogelea, akaweka mkono juu ya goti lake bovu.

"Niambie kila kitu, Onésime. Leo hii, kabla nawe hujasahau."

"Nianzie wapi?"

"Anzia mlangoni. Sema rangi yoyote, mimi nitaamini."