Nyungunyungu Wawili wa Mugwaneza

Mugwaneza alizaliwa Bukavu, Kongo, akarudi kwao Rwanda akiwa msichana, na sasa analima kabichi kwenye mteremko ulio chini ya misheni ya Mibirizi. Wifi yake Nasiba, anayeishi Bugarama, alimletea kopo la nyungunyungu wekundu wa kutengeneza mbolea. Kwa haraka yake akawamwaga katika sanduku la samadi mbichi lililokuwa bandani. Samadi ikapata moto, ikawaua karibu wote. Alipoichambua kwa vidole, akaokoa wawili tu.

"Mbili!" mumewe Ndizeye akacheka. "Na kama yote iko madume?"

Mugwaneza akawahamishia kwenye samadi iliyooza na kupoa, akaifunika kwa majani ya mgomba, na kila akitoka shambani anachungulia.

Asubuhi moja ya mvua akawakuta wamegandana, tumbo kwa tumbo, kichwa cha huyu kimeelekea mkia wa yule, wamejaa ute.

"Inauana!" Ndizeye akasema, akanyoosha mkono awatenganishe.

"Usiguse, Papa!" Mugwaneza akamzuia mumewe, akampigia Nasiba simu.

Nasiba alicheka mpaka akakohoa. "Wacha, Maman, hiyo ni ndoa! Kila moja iko dume, tena iko jike. Inapeana mbegu, kisha kila moja itataga."

"Yote mbili?"

"Yote mbili! Unaona ule mukanda munene karibu na kichwa? Utatoa ute, ute utakuwa kama pete. Munyoo unarudi nyuma, pete inapita na mayai na mbegu, inatokea kwa kichwa, inajifunga. Inakuwa kifuko. Batoto banakomalia mule."

Tangu hapo Mugwaneza hakutulia. Siku alipoona vifuko vya kwanza, vya manjano, vidogo kuliko punje ya mchele na vimechongoka kama ndimu, aliruka mwenyewe pale bandani. Wiki zikapita, vikageuka vyekundu. Kisha kimoja kikapasuka kiganjani mwake, uzi mweupe ukachomoza ukijinyonganyonga. Ukafuata mwingine. Na mwingine!

"Papa, kuya! Kuya uone batoto!"

Ndizeye akaja mbio na jembe mkononi. Akainama, akatazama, kicheko chote kimemwisha. "Mungu wangu," akanong'ona. "Katika kitu kidogo hivi?"

Jumapili iliyofuata, kabla hata ya kuvua shati la misa, Ndizeye alikuwa bandani akipigilia misumari sanduku la pili.