Nyigu na Barua Iliyoniua

Binti yangu wa mwisho tunamwita Nyigu, na si kwa ukali. Mtoto mwenyewe mpole hata sauti yake huisikii. Jina limetokana na wale wadudu wanaojenga viota vya udongo ukutani. Tangu mdogo anawakodolea macho. Nimtume chumvi, namkuta nyuma ya choo, shingo juu, mdomo wazi. Mimi napiga pasi kwenye nyumba ya wageni. Nikirudi mgongo unaniwaka, vyombo havijaoshwa, yeye ana habari za nyigu.

"Mama, leo nyigu kaleta mwingine!"

"Kaleta nini, posho?"

Alipomaliza shule akataka chuo cha kusomea wadudu. Chuo kikataka barua: aeleze kwa nini analipenda somo hilo. Kaka yangu, anayechapa barua na kutoa kopi sokoni, akasema kazi hiyo tumwachie yeye. Tukamshukuru mno.

Siku moja kabla ya maombi kufungwa, akaja nayo ndani ya bahasha safi. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini kitabu cha Mungu nakisoma kila asubuhi, sembuse barua. Nikaisoma kwa kidole, polepole. Mstari wa pili tu, nimekufa.

"Baada ya mama yangu mpendwa kumfuata baba kaburini, nilibaki yatima nikiuza karanga barabarani, hadi mjomba wangu, mtu mwenye huruma, aliponichukua na kunilea."

Baba yake kweli alishatangulia mbele ya haki. Lakini mimi?

"Kaka, hiki ni kitu gani?"

"Dada, tulia. Wale wakubwa wanapenda machozi. Yatima hawamwachi."

"Na wewe ndiye uliyemlea?"

"Si lazima awepo wa kumlea? Wewe umeshakufa."

Mungu anisamehe, nilimrushia kandambili. Ikamkosa. Nikavua ya pili.

"Nimeungua mikono yote miwili kwa pasi za watu, leo unanizika kwa karatasi upate sifa! Na nyigu wako wapi humu? Nimesoma mpaka mwisho, hakuna hata mmoja!"

"Nani anataka kusoma habari za nyigu?"

"Hao wanaofundisha wadudu! Au ulidhani wanafundisha misiba?"

Akamgeukia binti. "Haya, mwambie mama yako. Ukikosa nafasi usije kunililia."

Nyigu akainamisha kichwa. Kumbe alishaiona.

"Mjomba alisema bila hivyo sipiti," akanong'ona.

Hapo ndipo nilipoumia hasa. "Kwa hiyo ukakubali nife?"

Akalia. Siku nyingine ningembembeleza. Siku ile sikuwa na bembelezo hata la kuazima. Nikamwekea kalamu na karatasi mezani.

"Andika kile kinachokusimamisha nyuma ya choo. Ukikosa, ukose una mama."

Kaka akaondoka akiapa kwamba mashine yake haitachapa upuuzi. Basi ikaandikwa kwa mkono. Alipomaliza akanisomea, macho bado mekundu:

"Mama yangu hapendi viota vya nyigu. Siku moja alibomoa kimoja kwa ufagio, wakaanguka buibui. Niliwaweka kwenye kopo. Siku zikapita, hawakuoza wala hawakutembea. Niliwagusa, mguu ukacheza. Walikuwa hai. Nilitaka kujua nyigu amewafanya nini. Mpaka leo nataka kujua."

Kopo lile nalikumbuka. Aliliweka mezani tunapolia chakula, nikamfokea nyumba nzima ikasikia. Sasa nimo kwenye barua, mimi na ufagio wangu. Nikamwambia aikunje, na kesho yake nikampeleka mwenyewe.

Chuo wamemwita. Na kaka yangu, bila haya, anatangaza sokoni kwamba barua ile aliiandika yeye, na kwamba machozi ya yatima ndiyo yaliyompitisha mtoto. Nimesali hasira initoke, imetoka kidogo. Iliyobaki nitakwenda nayo kesho hadi kwenye mashine yake, wateja wakiwa wamejaa, nimsalimie kwa sauti kubwa wamwone marehemu.